Mbege Kwenye Kibodi

Krismasi ile mdogo wangu wa kike alipanda nyumbani Marangu na laptopu, ya kwanza kuingia kwenye boma letu. Alikuwa anamalizia tasnifu yake ya chuo, na mwalimu wake alikuwa amemwazima mashine hiyo kwa likizo tu. Aliifungua juu ya meza ya sebuleni, akaandika jina la mama, akamwita aje alione.

Mama alitazama kwa muda. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akanywa funda moja na kuipulizia mashine, fyuu, kama alivyowapulizia wajukuu wanaoanza shule. Akamwombea binti yake heri kwa Kichagga. Tukaitikia, maana ndivyo inavyofanywa. Mdogo wangu alisubiri hadi mama alipogeuka, ndipo akafuta kwa ncha ya kanga.

Asubuhi vitufe vya upande wa kushoto vilikuwa vimeganda. Herufi a ilibonyea ikabaki chini, na kioo kikajaa a mstari mzima.

“Kaka, na kazi yenyewe naikabidhi Januari.”

“Mashine itapona,” nilimwambia. “Hofu yangu ni mama.”

Mama yetu akiambiwa kwamba mkono wake umedhuru, huuondoa. Mjukuu mmoja aliwahi kutapika baada ya kunywa uji wake, na tangu siku hiyo hakumpikia tena, ingawa zahanati ilisema ni malaria. Kama angejua baraka yake ndiyo iliyoharibu kazi ya mwanawe, asingembariki mtu tena.

Tukangoja aende misa. Mimi nilikuwa fundi wa taipureta mjini Moshi, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, lakini laptopu sikuwa nimeigusa. Nilizima mashine, nikatoa betri. Kwa bapa la kijiti cha mwanzi nilikinyanyua kitufe kimoja kutoka pembeni, taratibu, hadi kikaachia. Chini yake palikuwa na vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na katikati kofia ndogo ya mpira. Utamu wa ndizi ulikuwa umekauka hapo kama gundi, pamoja na chenga za ulezi. Nilipangusa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, nisiuguse mpira kwa nguvu. Vitufe vyenyewe mdogo wangu aliviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akavipanga kwenye ungo vikauke, kila kimoja mahali pake kama kilivyokaa kwenye kibodi.

Tulikuwa hapo mama aliporudi.

“Na huo ungo wangu, mnapepeta nini?”

“Vumbi, mama,” nilisema. “Vumbi la njiani.”

Alikiinua kitufe ambacho kilikuwa hakijaoshwa, akakinusa.

“Vumbi linalonuka mbege.”

Alivuta kigoda, akakaa, akaanza kuvikausha vitufe kwa upindo wa kitenge chake, kimoja kimoja, akivirudisha palepale alipovitoa. Mimi nilivibonyeza mahali pake, na kila kimoja kilipoingia kilitoa mlio mdogo, ta. Mashine ilipowaka, a iliandika a moja. Mdogo wangu alicheka kwa furaha. Mama aliuchukua ungo wake akatoka.

Siku zilizofuata aliwakaribisha wageni mbege kama kawaida, lakini kata haikufika mdomoni mwake, wala hakumpulizia mtu.

Siku ya safari alisimama mlangoni na kata mkononi, maana aondokaye kwetu haondoki hivihivi. Alisimama tu. Mdogo wangu akanipa mkoba wa laptopu.

“Kaka, nenda nao kule kwenye migomba. Mbali zaidi. Hapo.”

Kisha akapiga magoti mbele ya mama, akanyoosha viganja vyote viwili.

“Mashine ni ya mwalimu, mama. Vidole ni vyangu.”

Mama aliitazama mikono ile, akaangalia nilipokuwa nimesimama.

“Vikigandana je?”

“Fundi si yule pale?”

Mama akacheka hadi mbege ikamwagika kutoka kwenye kata. Akanywa funda, akapulizia.

Tulishuka hadi barabarani, mimi nimebeba mizigo yote. Yeye alitembea ametanua vidole, akiviacha vikaukie upepo.