Jiko Liliwashwa Mara Ngapi

Siku zile bado nina hamu nazo. Nilikuwa mjumbe wa afya wa mtaa wetu, huku Gatsata. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, lakini akina mama waliniita muganga, yaani daktari, nami niliitika haraka kabla hawajabadili mawazo.

Watafiti walikuja kwenye kituo chetu cha afya, wakasema wauguzi na wajumbe tutakuwa washirika wao, si wabeba karatasi tu. Neno hilo nilikwenda nalo nyumbani kama nimepewa zawadi. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wajawazito jana walikula mara ngapi. Wakionekana wana njaa, mtaa ungeombewa unga wa uji. Wakiwa wameshiba, unga ungepelekwa vilima vingine.

Wote walisema mara tatu. Nikaandika tatu, tatu, tatu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Jirani yangu mmoja, mimba ya miezi saba, alisema hivyo huku kuku amelala katikati ya jiko lake, juu ya majivu ya baridi. Nikaandika tatu. Kwetu mtu haulizwi amekula nini, na akiulizwa, ameshiba. Ningemwaibishaje?

Tukaitwa mkutanoni Kimihurura, mtaa mwingine wa jiji letu. Daktari aliyeongoza utafiti akasema kwa furaha kwamba Gatsata wanakula vizuri, unga hauhitajiki. Muuguzi wetu mkuu akanigeukia, akanitazama tu. Nikasimama, nikasema karatasi zangu zina uongo, na niliujua wakati nauandika.

Nikajiona nimeshafukuzwa. Lakini daktari aliuliza taratibu, "Sasa wewe ungeulizaje?"

Tangu nizaliwe sikuwahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtu aliyesoma. Nikasema ningeuliza jiko liliwashwa mara ngapi. Muuguzi mkuu akacheka, akasema hilo litajibiwa bila aibu, maana lawama zote zitabebwa na makaa. Daktari akalifuta swali la zamani, akaandika letu.

Jumatatu nikarudi kwa jirani.

"Muganga, umerudi tena? Au unataka kuhamia hapa?"

Nikamuuliza. Akajipapasa tumbo kidogo.

"Mara moja, mdogo wangu. Makaa ya siku hizi yanazima ovyo."

Nikakubaliana naye kwamba makaa ya siku hizi hayafai kabisa. Kisha nikaandika moja.