Shukrani ya Fundi Viatu

Fundi wa cherehani alikuwa amekwenda kumkanda binti yake aliyejifungua, na aliporudi alikuta mtaa umechangamka kuliko alivyouacha. Lile ghala la zamani la simenti nyuma ya soko lilikuwa limepokea wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, familia nzima nzima, na wote wanazungumza Kifaransa. Alifurahi. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori, na miaka waliyoishi huko ilimwachia Kifaransa cha sokoni na jikoni, kisicho na mapambo lakini kinachoeleweka.

Siku hiyohiyo alipeleka kiatu kwa fundi viatu mpya, mzee mrefu wa kule ghalani aliyetandika gunia lake kando ya gereji ya pikipiki. Shati la mzee lilikuwa limepauka, ila limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Mama mmoja alikuwa anachukua ndala za mwanawe. Mzee akampa kwa mikono miwili, akainama, akaweka kiganja kifuani.

"Mimi punda wako, mama," akasema kwa heshima zote.

Yule mama akaziba mdomo kwa mtandio. Gereji nzima ikaangua kicheko, na mmoja akalia kama punda.

Fundi alidhani masikio yamemdanganya. Akamsalimu mzee kwa Kifaransa, na mzee akakunjuka uso kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Watu wa hapa ni wema sana, mwanangu," akamwambia. "Tulikopita kwanza hakuna aliyetujibu hata salamu. Hapa nikishukuru tu, kila mtu anafurahi. Hata wajukuu nimewafundisha, wanamshukuru mwalimu wao."

"Nani alikufundisha kushukuru hivyo?"

Mzee akaelekeza sindano yake ya kushonea kwenye gereji. "Rafiki yangu yule. Ndiye wa kwanza kunisemesha."

Rafiki mwenyewe alikuwa mdogo wake fundi, kitinda mimba wa mama yao. Mtu mzima na watoto wake, lakini fundi ndiye aliyembeba mgongoni na kumfuta makamasi. Akamwendea.

"Umemfanya nini yule mzee?"

"Aa, dada, utani tu! Mbona mwenyewe anafurahi?"

"Anafurahi kwa sababu hajui."

"Sasa si ndiyo raha yenyewe?" Akacheka tena, mdomo wazi, vipande vya muhogo vimeganda kwenye fizi. Wenzake wakagonganisha viganja. Fundi akautazama mdomo ule kama mtu aliyekuta nyama imeoza ndani ya sahani yake. Angeweza kumtukana. Akageuka tu, akatema mate chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Ilimbidi amwambie mzee. Alitafuta neno laini, hakulipata, akalisema lilivyo. Mzee hakupandisha sauti. Aliuliza neno mojamoja: mimi ni nini, punda ni nini, wako ni nini. Kisha akainuka, akaviacha viatu vya watu juu ya gunia, akaenda shuleni mbiombio. Fundi akamfuata.

Mwalimu alikuwa barazani akisahihisha madaftari, darasa likinakili ubaoni. Aliposikia wamefuata nini, akacheka.

"Ah, wale wawili! Wanatuchekesha kweli darasani."

"Na wewe ukawaacha?" fundi akauliza.

"Nilijua watajirekebisha wenyewe wakishazoea. Watoto hao."

Fundi alitamani kunawa mikono, ingawa hakuwa amemgusa mtu. Mzee akasimama mlangoni mwa darasa, akawaita wajukuu wake, akawashika mkono huku na huku na kuondoka nao katikati ya somo.

Tangu hapo mzee alifanya kazi mdomo umefungwa. Mteja akiuliza bei, anaonyesha vidole. Fundi akafungua chumba chake cha kushonea kila alasiri kwa yeyote wa kule ghalani anayetaka Kiswahili, akawafundisha kati ya vitambaa na vifungo: shikamoo, samahani, naomba, asante. Wanawake walijaa. Mzee alichelewa kuja, na alipokuja alikaa karibu na mlango, akasema hahitaji maneno ya kuwafurahisha watu. Anataka ya kukataa.

Mdogo wake fundi alijileta siku moja, baada ya mama yao kumsema. Alisimama mbele ya gunia la mzee, dada yake yupo kando, midomo ikimcheza kwa kicheko alichokibana.

"Mzee, tusameheane bwana. Ulikuwa utani."

"Sitaki," mzee akasema, akavuta uzi.

"Dada, hebu mweleweshe basi."

"Ameelewa. Hataki."

"Sasa mnataka nifanye nini, nipige magoti? Kwa mgeni?"

Akaondoka akinung'unika, na kufika gerejini tu wakaanza kucheka tena.

Wajukuu walirudi shuleni, wakahamishiwa darasa la mwalimu mwingine. Mzee aliendelea kushona palepale, na pole pole akaanza kutaja bei kwa mdomo wake. Fundi na mdogo wake bado wanakutana kwa mama yao, maana mama ni mmoja. Lakini chakula kikitengwa, fundi hujisogeza upande wa pili wa mkeka, asimwone anavyotafuna.