Neno "Rudi" na Jiko la Bibi Margareth

Niliwahi kubomoa jiko la mtu pale Kizwite, Sumbawanga, na sikugusa tofali hata moja.

Nilitumia neno.

Ilikuwa 2009. Kampuni binafsi ilipewa kazi ya kuchimba mtaro kwenye uchochoro mmoja, na mimi nilikuwa na stashahada mbichi ya ujenzi na mdomo unaowaka moto.

Uchochoro ule lori halipiti. Tukaleta mashine mbili ndogo, zikaenda kama kinu na mchi. Kijiko cha mzee Zenon kinachimba kule ndani. Kidampa cha Masalu kinaingia kinyumenyume, kinabebeshwa udongo, kinatoka.

Masalu haoni nyuma. Macho yake ni mimi.

Nikisema "rudi," anarudi. Nikisema "hapo," anafunga breki.

Siku ya nne alisimama kwenye kona ya jiko la Bibi Margareth, lililopakana na uchochoro, ili anyooshe tairi. Akachukua muda.

"Vipi mshikaji, umelala?"

"Subiri, dada Hellena. Kona hii inataka adabu."

Mafundi wakacheka. Na mimi enzi hizo sikukubali watu wacheke kwa neno la mwingine.

"Rudi kwenu Kaoze ukachunge ng'ombe!"

Wakaangua kicheko.

Kidampa kikarudi.

Puu! Ukuta wa jiko chini.

Vumbi lilipotulia, Bibi Margareth alikuwa uani, ameshika sufuria ya uji wa ulezi aliotupikia sisi. Umejaa udongo.

"Wajukuu zangu, mlisema mnachimba mtaro. Sasa mnanichimba mimi?"



Benjamini, msimamizi wetu, akaja mbio. "Nani kasema rudi?"

Mafundi wote wakanitazama. Mimi, mwenye jibu la kila mtu, nikatazama viatu vyangu.

Masalu akashuka. "Mguu umeteleza, bosi."

"Kesho usije."

Basi. Akaondoka, na mimi bado naangalia viatu.

Wiki mbili zikapita. Nikapanda gari hadi Kaoze. Nikamkuta anachunga ng'ombe wa baba yake, kweli kabisa, kama nilivyomtuma.

"Masalu, nisamehe. Najua kwa kelele za injini ulisikia 'rudi' tu."

"Nilisikia yote, dada. Mguu ulitii neno la kwanza. Hayo mengine yalinifika baadaye."

"Sasa kwa nini ukasema umeteleza?"

Akamswaga ndama mmoja kwanza.

"Nilikuachia nafasi useme 'hapana, si yeye.' Wewe si ndiye mwenye maneno?"

Jumatatu nilisema, mbele ya mafundi wote. Benjamini akanifukuza, akamwita Masalu. Masalu hakurudi.

Jiko nililifyatulia tofali mwenyewe. Bibi Margareth alinipa uji kila siku, hakunisema hata mara moja. Heri angenisema.

Ndugu yangu, mtu akikufanya macho yake, ulimi wako ndio breki yake. Usiuchezee.

Hadi leo mgeni akiaga kwangu, siwezi kumwambia "rudi salama." Namwambia "nenda," halafu nanyamaza.