Ukurasa Uliotazama Ukuta

Ndugu yangu alinipigia simu Ijumaa mchana nikiwa kwenye chumba cha walimu, nasahihisha michoro ya Kidato cha Pili. Hata salamu hakutoa.

"Sista, wanabomoa ploti! Kesho asubuhi. Mbao zote zinauzwa kuni."

Nilisimama kwa kasi kiti kikaanguka. Walimu wenzangu wakanigeukia.

"Ukuta wetu?"

"Si ndio nakwambia! Kuja!"

Kwa mtu mwingine zile zilikuwa mbao za kuoza tu, katika mstari wa vyumba vya kupanga kule Karagita, karibu na ziwa Naivasha. Sisi tulikaa chumba cha nne: mama, mimi, na ndugu yangu mdogo. Mama alifanya kazi kwenye shamba la maua, akipanga waridi kwa urefu na kuyafunga mafungu mafungu. Baba alikuwa ameenda Kuresoi kuvuna viazi, msimu mmoja tu, ndivyo alivyotuambia. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, na sisi tukazidi kumngoja.

Chumba kile kilikuwa na baridi! Upepo wa ziwa ulipita katikati ya mbao bila kubisha hodi, na dawa yake ilikuwa moja: magazeti, yaliyobandikwa ukutani kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kila mpangaji alifanya hivyo. Majirani zetu walilala wakitazamwa na wanasiasa na matangazo ya mbolea. Sisi, na hadi leo najivuna nikisema, tulilala katikati ya katuni za rangi kutoka Uholanzi.

Zilitufikia kwa bahati tu. Meneja wa shamba, Mholanzi, alikuwa akirudi kwao na familia yake, akawagawia wafanyakazi vitu vya nyumba. Watu wakajichukulia masufuria na mapazia. Mama alipofika mbele ya foleni ilikuwa imebaki katoni moja, imejaa nakala za gazeti la katuni la kila wiki alilosoma yule meneja alipokuwa kijana. Mama akajitwika. Njia nzima wakamcheka, mpaka Jumapili walipoona ukuta ulivyotokea.

Majalada hakuyabandika. Yalikuwa magumu, akatufunikia nayo madaftari ya shule, na mimi nikaingia darasa la nne na daftari la hesabu lenye rubani anayeruka kutoka kwenye ndege. Nilipendwa sana muhula ule.

Sasa, ukibandika ukurasa, upande mmoja unatazama chumba na wa pili unatazama mbao. Kwa hiyo kila hadithi yetu ilikuwa nusu. Mtu anaanguka kutoka darini kwenye ukurasa huu, na kwenye unaofuata yuko juu ya farasi, amevaa kofia ya mtu mwingine. Aliipataje? Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza maishani. Kila Jumapili baada ya kanisa, watoto wa ploti nzima walijaa chumbani kwetu, wakaketi sakafuni na kitandani, na mimi nikashika mwiko wa ugali, nikielekeza picha moja moja na kusimulia. Kiholanzi sikukijua hata neno moja. Nilisoma nyuso na mikono, na palipokosekana ukurasa nilijitengenezea. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku nilipopata kazi ya kufundisha sanaa hapa Nakuru.

Hadithi moja ilitushika kuliko zote. Msichana wa koti la njano anaishi na babu yake ndani ya boti la mizigo. Injini inakufa. Babu anachukua mkoba, anaondoka kutafuta kipuri, na msichana anabaki kulinda boti. Ukurasa wa mwisho tuliokuwa nao ulibandikwa juu ya kitanda chetu: mvua inanyesha, msichana amesimama peke yake ukingoni mwa maji, anaangalia barabara. Katika kipicha cha pembeni ameinua mkono, na usingejua kama anampungia mtu au anajifuta mvua.

"Atarudi?" ndugu yangu aliuliza kila Jumapili. Alikuwa na miaka mitano.

"Atarudi," nikajibu, kisha nikamrudisha. Babu anakuja akipiga mluzi, kipuri kiko begani, mkate wa moto uko kwapani. Kila wiki nilimwongezea kitu. Siku moja nilimrudisha na mbuzi! Mama alikuwa mlangoni akikata sukuma wiki.

Ndugu yangu alipofika miaka tisa au kumi, alisimama mbele ya watoto wote. "Unatudanganya," akasema. "Harudi. Watu wakienda hawarudi." Hakuwa akimzungumzia babu wa boti, hilo hata mimi nilijua. Alitoka nje, na tangu siku hiyo hakuketi tena kunisikiliza. Tumekua, tumecheka pamoja, lakini hadi leo nikimwahidi jambo hunijibu, "Kama babu wa boti." Anatabasamu akisema hivyo, na bado huniuma. Nilitaka kujua kama kweli nilimdanganya ndugu yangu utoto mzima.

Basi nilipopata simu nzuri nililisaka gazeti lile kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Jina nililikumbuka kutoka kwenye madaftari yetu. Historia yake niliisoma kwa programu ya kutafsiri, nikipiga meza kwa msisimko. Kumbe lilikuwa la watoto wakubwa, wale waliokwisha kuchoka na hadithi za wanyama wanaoongea lakini bado hawajafikia riwaya. Lilianza kwa kununua hadithi nyingi kutoka nchi jirani, kisha wahariri wakawafungulia mlango wachoraji wao wenyewe, vijana, nao wakalipamba vilivyo. Hadithi ilitoka kurasa chache kwa wiki, na ilikatwa pale pabaya kabisa ili mtoto akimbilie dukani wiki ijayo. Baadaye likaunganishwa na mpinzani wake, likabadilishwa jina, na wapo wazee wanaonung'unika hadi leo. Nilicheka peke yangu. Watoto wa Uholanzi nao walinyimwa nusu ya hadithi, ila wao waliachwa wangoje wiki moja tu.

Niliwaandikia wanaokusanya nakala za zamani. Walinijibu kwa upole. Mashujaa wakubwa wote waliwajua, lakini msichana wa koti la njano hakuna aliyemkumbuka. Wakaniomba namba ya toleo, na namba ilikuwa kwenye majalada, na majalada tuliyamaliza darasani. Kwa hiyo ilibaki nakala moja duniani ninayojua iliko, nayo imegeuzia uso ukuta, katika chumba kilichokuwa sasa cha watu wengine.

Jumamosi nilifika mafundi wameshang'oa mabati. Ndugu yangu alikuwa ndani ya chumba cha nne akiwa na birika la maji ya moto na kisu cha siagi, amejilowesha hadi viatuni. Wapangaji wa baadaye walikuwa wamebandika juu ya katuni zetu: kalenda, matangazo ya unga, kampeni, kampeni nyingine.

"Mathe, mbao ni mbao," fundi mkubwa akaniambia. "Tuachie kazi."

"Mathe ni nani hapa?" nikamuuliza; sijafika umri wa kuitwa mama na fundi mzima.

"Boss, nusu saa tu," ndugu yangu akamwomba.

Kisha kona ya njano ikachomoza chini ya kalenda. Nilipiga kelele. Fundi akasogea, akainama, akaangalia. "Ebu lete hilo birika," akasema, na baada ya dakika mbili mafundi wote watano walikuwa wamejipanga, huyu anamwaga maji, yule anashika mbao, wengine wanatoa ushauri ambao haukuombwa. "Polepole! Usivute! Anza na huku!" Ukurasa ukaachia. Nikaugeuza.

Babu yuko barabarani na mkoba wake. Chini yake, picha inayojaza nusu ya ukurasa: msichana anakimbia, koti limepepea, viatu karibu viachane na ardhi. Kipande kilibaki kwenye mbao, sehemu ya mguu wa babu, lakini uso wake ulikuwa mzima, anacheka.

"Amerudi!" nikapaza sauti. Mafundi wakapiga makofi kama bao limeingia. Ndugu yangu aliketi juu ya rundo la mbao.

"Kwa hivyo hukunidanganya," akasema.

"Sikuwa najua," nikamjibu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Jumapili tuliupeleka kwa mama kule Subukia, alikonunua kashamba na kufuga ng'ombe wawili. Tulimpa ukurasa, msichana akiwa juu, bado anangoja. Tulitaka kumshtua. Mama akapangusa mikono kwenye leso, akaupokea, na kabla hatujasema chochote akaugeuza.

"Huyu mzee," akasema. "Nilimshika hivi mpaka uji ukanikaukia mkononi."

Tukamkodolea macho.

"Nilikuwa nishapata habari za baba yenu. Alikuwa na nyumba nyingine. Ningewawekea huyu juu ya kitanda, kila siku mngeamka mkiangalia barabara, mkidhani naye atarudi. Nikaona heri nimgeuze."

"Sasa mama, mbona hukuninyamazisha?" nikauliza. "Kila Jumapili nilikuwa namrudisha!"

"Ningekunyamazisha aje?" Alipitisha kidole kwenye uso wa babu. "Na mimi nilikuwa hapo mlangoni nangoja ufike pale anaporudi."

Ndugu yangu aliingia jikoni. Alitoka na mwiko, bado una ugali, akanipa, akaketi chini kwenye nyasi miguuni pa mama.

"Anza mwanzo," akasema. "Na usisahau yule mbuzi."