Mpini Mwepesi na Ng'ombe wa Holo

Siku ninayoikumbuka, mwanangu Maduhu, ni ile niliyopiga mpira mmoja ukaruka mpaka ukanipotea machoni. Mpira mmoja tu. Yaliyomfika mama yako yote yalianzia hapo. Jana umeniuliza kama kweli mipini myepesi ya gofu, hiyo ya bei kali, inaongeza kasi ya fimbo. Sitakujibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Kaa hapo kwenye kreti, uniache niseme polepole, maana kifua changu hakina tena pumzi ya haraka.

Wewe ni mtoto wa dada yangu Holo, na hapa Kalangalala unaishi kwangu kama mwana wa kuzaa mwenyewe. Wewe ni kedi, unabeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa kambi ya mgodi, kama nilivyobeba mimi nikiwa na umri wako. Umeniambia wanatafuta kedi mmoja wa kusomeshwa ualimu wa gofu, na atapatikana kwa mashindano. Umeniambia pia kwamba dada yako Limi ameolewa, ng'ombe wa mahari yake wako zizini kwenu Bukombe, na wawili wakipelekwa mnadani mpini unapatikana. Baba yako ameshatangulia, zizi ni lako, hakuna wa kukuzuia. Mimi ni mjomba tu. Nitasema, nawe utafanya utakalo. Vijana mnatusikiliza kwa adabu sana, kisha mnafanya lile mliloamua kabla hamjakaa. Sikulaumu, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Miaka ile mgodi ulikuwa mpya, na kiwanja cha gofu kilikuwa kipya zaidi. Nyasi zake zilinyweshwa asubuhi na jioni, nasi huku kijijini tulikuwa tunachota tope, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa ukame. Ng'ombe wetu wengi walikufa. Waliobaki zizini karibu wote walikuwa wale walioletwa kwa mahari ya Holo, na kwa desturi yetu hao ndio ambao mimi, kaka mtu, ningeolea siku ikifika. Nawe unayajua hayo, ndiyo maana mnada umekujia kichwani haraka.

Nafasi ya kusomea ualimu ilitangazwa hata wakati ule. Makedi wote tuliitaka, lakini tuliokuwa na shabaha ni wawili, mimi na jirani yangu Doto. Fimbo yangu ilikuwa kuukuu, ya mpini wa chuma, niliachiwa na mchezaji mmoja aliyehama. Doto naye alikuwa na ya chuma. Alinizidi umbali kidogo, na hako kadogo kalininyima usingizi.

Nilikuwa nikimbebea mfuko mgeni mmoja, fundi wa mitambo. Alitoka likizo na ile fimbo kubwa ya kuanzia mchezo, mpini wake mweusi, mwembamba, mwepesi kama bua la mtama. Akaniambia jaribu. Nikapiga, mpira ukaenda nilivyokueleza. Nikaomba nipige wa pili, ukaingia kichakani. Wa tatu nao kichakani. Hiyo miwili niliisahau papo hapo, mwanangu, wala sikuikumbuka tena mpaka nilipokuwa nimeshaharibu kila kitu. Ule wa kwanza ndio niliolala nao.

Sisi Wasukuma tunajua habari hii vizuri kuliko tunavyopenda kukiri. Mtu ananunua dawa ya ngoma, ya kuvutia watazamaji kwenye mashindano, siku ya kwanza watu wanajaa upande wake, anasema dawa imeshika. Siku zinazofuata watu wanamkimbia, anasema amelogwa. Dawa yenyewe hailaumiwi kamwe. Hata huko kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, wachimbaji wanafanya vivyo hivyo, kila duara na mganga wake. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo na niliwacheka hao. Nilidhani kitu kikitoka kiwandani, kikiwa na maandishi ya kigeni, basi hicho si hirizi.

Nikamweleza baba, yaani babu yako. Alikuwa anasuka kamba, hakuinua kichwa.

"Fimbo unayo?" akauliza.

"Ninayo, baba, lakini ni nzito. Wenzangu watanizidi kasi."

"Mchagua jembe si mkulima," akasema. Halafu akakaza fundo la kamba. "Shija, ng'ombe wa mahari hawajafika kwako mpaka binti aote mvi huko alikoolewa. Kabla ya hapo bado wanatazama walikotoka. Waache."

Niliitikia "ndiyo, baba" kwa sauti nzuri kabisa. Alipokwenda Ushirombo kwenye matanga ya binamu yake, nikawatoa zizini watatu walionona, nikawapeleka mnadani. Fundi alikuwa anakwenda likizo tena, nikampa fedha aniletee fimbo kama ile yake. Hakuniuliza nimezipata wapi, na mimi sikumwambia. Alikuwa mtu mwema, usije ukamtupia yeye mzigo.

Baba aliporudi akalitazama zizi, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nilimwambia nitawanunua wengine nikishakuwa mwalimu. Niliamini hivyo kabisa, na imani ndiyo iliyoniponza.

Mpini ukaja. Pale uwanjani kulikuwa na kimashine cha kupimia kasi, kinawekwa chini kando ya mpira, kinaonyesha namba. Nikapiga kwa fimbo ya chuma, kisha kwa mpya, nikabadilisha hivyo mpaka viganja vikachubuka. Mpigo mmoja namba inapanda kidogo, unaofuata inashuka. Ukizichanganya zote, fimbo mbili zile zilikuwa sawa, tofauti yake hata upepo ungeweza kuileta. Isipokuwa jambo moja. Ile ya chuma nilikuwa nakisikia kichwa chake kiko wapi wakati ninazungusha. Hii mpya sikusikia kitu. Mikono ilitangulia, kiuno kikabaki nyuma, mpira ukaenda popote ulipotaka.

"Labda hujaizoea," fundi akaniambia.

Nikashika neno hilo. Kila siku nilizidi kukaza, na kadiri nilivyokaza ndivyo nilivyopotea. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku ya mashindano nilitafuta mipira yangu vichakani wachezaji wakinisubiri, na Doto akachukua nafasi kwa chuma chake kile kile. Nililia, mwanangu. Nililia nikidhani hiyo ndiyo hasara.

Haukupita muda Holo akaja nyumbani. Ilikuwa mchana, mama yetu anapepeta mahindi. Alikuja kwa miguu na Limi mgongoni, bado ananyonya. Uso wake sitakuelezea. Wewe umekulia katika nyumba ile, unamjua marehemu baba yako alivyokuwa akishalewa, na mimi sipendi kumsema mtu aliye kaburini mbele ya mwanawe. Alimwambia mama maneno machache tu: "Mayu, sirudi tena."

Wazee wa pande zote mbili wakaketi uani kwetu. Hawakubishana sana, maana uso ule ulikuwa umeshasema. Baba mkubwa wa mumewe, mzee mpole tu, akatamka la desturi.

"Sisi hatuna ugomvi na nyinyi. Ng'ombe wetu wakirudi wote, binti abaki kwao. Wakipungua, hatujaachana."

Wazee wetu wakamgeukia baba. Baba akanigeukia mimi.

Kwa majirani hakukuwa na wa kuazima, ukame ulikuwa umepita kila zizi. Nikasimama, nikaingia ndani, nikatoka na ile fimbo. Hata leo sijui nilikuwa nafikiri nini. Nikawaambia thamani ya wale watatu iko hapa, waichukue, wataiuza kwa wageni wa mgodi. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu cha heshima.

"Ng'ombe ndio hawa?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Mbona nyepesi."

Akampa aliyekaa pembeni yake, naye akaupinda mpini kidogo, akaunusa, akampa wa tatu. Ikazunguka kikao chote namna hiyo. Mmoja akasema hata kuswagia ndama haifai, na wala hakusema kwa mzaha. Ikarudi mikononi mwangu. Nilikwisha kuwauliza wachezaji wote pale kambini kama kuna wa kuinunua, kila mmoja alikuwa na yake.

Holo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amesikia yote. Alinijia karibu kabisa. Nilitamani anipige.

"Shija," akasema, "mpira ulikwenda mbali?"

"Haukwenda, dada."

Akatikisa kichwa kuonyesha amenisikia. Akamfunga Limi vizuri mgongoni, akatangulia njiani mbele ya wakwe zake bila kushikwa mkono na mtu. Sasa unalo jibu la swali lako la jana. Yeye aliniuliza kabla yako.

Baba hakunikaripia. Aliacha kunituma, basi. Akitaka maji alimwita mtoto wa jirani, akitaka kamba aliifuata mwenyewe kwa magoti yake mabovu. Amekufa hajanituma tena hata kiberiti. Mnadhani ukali wa wazee ni kelele. Siku mzee atakapoacha kukutuma ndipo utajua.

Nikaingia kwenye maduara huku Geita nitafute fedha za ng'ombe. Vumbi la mawe nililolimeza huko ndilo hili unalolisikia kifuani. Ilichukua miaka. Nilipowapata wale watatu nikawaswaga mwenyewe hadi Bukombe, nikamkuta Holo anatwanga kwa mkono mmoja. Mkono wa mama yako unaujua ulivyo, na unajua pia kwamba haukuvunjikia kisimani kama watu walivyoambiwa. Nikamwambia, dada, ng'ombe wametimia, twende nyumbani. Akanikaribisha kiti kwanza, akanipa maji.

"Watoto nitawaachia nani?" akaniuliza. "Hawa ni wa ukoo huu. Nikiondoka naondoka peke yangu."

Ulikuwa umesimama nyuma ya mtungi, unanichungulia. Ulizaliwa baada ya yeye kurudishwa. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapotaka kujuta. Nikimwomba Mungu siku ile isingekuwapo, nakuwa namwomba wewe usingezaliwa, na mimi nakupenda. Majuto yangu hayana hata pa kukaa. Nikarudi Geita na ng'ombe wangu. Mama yako bado ananipokea vizuri nikimtembelea, ananiuliza kifua kinaendeleaje, nami natamani siku moja anifungie mlango.

Basi nisikie, ingawa sina tumaini kwamba utanisikia. Sisemi mipini myepesi haimfai mtu yeyote. Nimewaona wachezaji wazee, mikono imechoka, ikawasaidia kidogo. Kidogo, na si wote. Lakini kijana mwenye mgongo mzima hainunui kasi dukani. Kasi iko miguuni na kiunoni, na mkono unataka kusikia uzito ili ujue unakwenda wapi. Ukibisha, azima fimbo ya mtu. Piga nayo kapu zima, leo, kesho na wiki ijayo, asubuhi na wakati umechoka. Isome ile mipira iliyokwenda kichakani, ihesabu pamoja na mizuri. Usije ukaamini mpira mmoja. Vyote ving'aavyo si dhahabu, tunaliimba hilo hapa Geita kila siku, kisha tunashuka shimoni kwa kipande kimoja kilichong'aa.

Hilo ni la gofu, na gofu ni mchezo. La pili ndilo nililokuitia. Ng'ombe wa Limi usiwaguse. Usimwamini mume wake kwa kuwa anacheka vizuri. Baba yako naye alikuja kwetu anacheka. Ng'ombe wale si mali yako, ni njia ya dada yako ya kurudi nyumbani, na njia hiyo ukishaiuza hakuna anayeweza kukuuzia tena. Nafasi ya ualimu ikikupita, itauma, utalia, utapona. Hilo lingine halina kupona. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nimekaa miaka yote hii nikiyatazama yakikauka.

Nimekuona unatazama simu. Najua mnada wa Bukombe ni kesho na kuna mtu anakusubiri. Sitakufuata, miguu hainibebi, na nguvu za kukukataza nilizimalizia mwenyewe ujanani. Njoo nikuwekee mkono kichwani hata hivyo, ukiwa umeamua lolote.

Mungu wa babu zako akulinde njiani, mwanangu. Akupe mkono wenye shabaha na moyo wenye subira. Akupe mke, watoto na zizi lililojaa. Na siku Limi atakapokuja kwa miguu, mchana, na mtoto mgongoni, akukute huna haja ya kusimama kuingia ndani kutafuta cha kuwaonyesha wazee.