Mama Herufi na Gundi Iliyokula Herufi Zake

Saa moja asubuhi. Mlango wa chumba uko wazi, lakini Mama Herufi hajaanza kazi. Ameshika kopo la gundi. Analinusa, anageuza uso, analinusa tena. Kisha anadondosha tone moja juu ya kipande cha povu jeupe na kukaa akikitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni.

"Kopo linasema linagandisha kila kitu," anasema bila kuinua macho. "Anayefaa kwa kila kitu mimi namwogopa. Awe gundi, awe mtu."

Kazi yake ni kutengeneza herufi kubwa za kupamba kumbi na maduka. Huzikata kwa waya wa moto kwenye povu gumu, lile linalokuja limekumbatia televisheni mpya ndani ya boksi. Mbele huzipaka rangi, nyuma huziacha hivyohivyo, kisha huzibandika ubaoni. Malipo ya herufi moja, anasema, hulisha watu watatu mlo mmoja. Nyumbani kwake wako wanne.

Povu hilo lina adui wake. Gundi kali ya mafundi viatu hulila likabaki mashimo. Sponji la makochi huivumilia gundi hiyo, raba na ngozi huipenda, lakini povu gumu haliiwezi. Kwa hiyo yeye hutumia gundi nyeupe ya mbao, isiyo na haraka. Huigandamizia matofali na kuiacha hadi kesho yake.

Shida ni kwamba, upande wa pili wa chumba hichohicho, huketi fundi viatu. Ni mtu mzima mwenye maneno machache, na kodi wanachangia.

Siku moja Mama Herufi alipata kazi ya maandishi ya kufungulia ukumbi: KARIBUNI NYOTE. Dukani gundi nyeupe ilikuwa imekwisha, muuzaji akampa kopo geni. Akaijaribu gundi hiyo kwenye kipande cha povu, haikulila. Jioni akabandika herufi zote, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi alikuta migongo ya herufi imebonyea, nyingine ziko chini. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye brashi ya gundi kali ya jirani.

"Nilisema mbele za watu, kikulacho ki nguoni mwako," anakumbuka.

Fundi viatu alimjibu akiwa ameshika sindano. "Dada, nina viatu vya watu hapa. Herufi zako nizifanyie nini, nizitie visigino?"

Watu walicheka. Mama Herufi hakucheka. Ukumbi ulifunguliwa kwa kitambaa kilichoandikwa kwa rangi, na mteja hakurudi tena. Mama Herufi akatia kufuli kabati lake. Fundi viatu akabeba sanduku lake, akahamia nje, ukutani, juani.

Kumbe aliyeficha ukweli alikuwa kipande cha povu.

Majuma yalipita. Mama Herufi akakikata kipande kilekile cha majaribio ili apate viwili. Tone la gundi ile ya kopo geni likaangukia upande mpya uliokatwa, likazama kama maji ya moto kwenye mafuta ya mgando. Upande wa juu haukuwa na hata alama. Akaukwaruza kwa kucha. Ukabanduka utando mwembamba.

"Kilikuwa kimetoka kwenye herufi ya zamani niliyoipaka rangi nyeupe. Nyeupe juu ya nyeupe, ungeionaje? Rangi ndiyo iliyolikinga povu, na mimi nikadhani gundi ni nzuri. Nilikaa chini, mwanangu. Nikaona haya peke yangu."

Alitoka nje kuomba radhi. Fundi viatu alimaliza kisigino kwanza, ndipo akasema, "Nimesikia, dada." Akachukua kiatu kingine.

Sasa amerudi ndani. "Jua ndilo lililonirudisha, si yeye," anasema, uso mkavu. Alipoulizwa kama wamepatana, akanyanyua mabega. "Huyu hupima kila kitu. Hata chai nikimpa huinusa kwanza."

"Mdomo wa birika lako nao una harufu ya gundi," anajibu Mama Herufi kutoka upande wake.

Lakini fundi viatu naye amenunua kufuli. Kila anapotoka, hata kwenda kunawa mikono tu, hufunga sanduku lake. Mama Herufi huusikia mlio ule.

"Ana haki. Mbegu niliipanda mimi," anasema. "Ila yule muuzaji wa gundi, bado sijamaliza naye moyoni. Mola anisamehe."

Amechongesha ufunguo wa pili wa kabati lake na kuutundika kwenye msumari katikati ya chumba, karibu na mkono wa jirani. Alimwambia ni wake. Mpango wake ni kupanua kazi, amwombe fundi viatu ashone mito ya sponji naye akate herufi, wawe na mlango mmoja na jina moja. Hajamwambia bado.

"Siku atakayofungua kabati achukue brashi yangu bila kuniuliza, ndiyo siku nitakayomwambia."

Fundi viatu anainuka. Anafunga sanduku, anavuta kufuli kuhakikisha, anapita kando ya msumari. Ufunguo unabaki pale pale.

Mama Herufi ameona. Anakigeuza kipande cha povu upande uliokatwa, anadondosha tone la pili, anaanza kungoja.