Nywele za Mama Vipeo

"Mwanafunzi wangu yeyote akivizidisha vipeo badala ya kuvijumlisha, njooni mninyoe kipara hapa hapa getini!"

Ndivyo Mama Vipeo alivyojitapa kwenye kikao cha wazazi shuleni, mkono kiunoni. Na alikuwa na haki. Alifundisha tuisheni ya hesabu sebuleni kwake, makochi yamesukumwa ukutani, na wimbo wake ulikuwa mmoja: namba za mbele zidisha, vipeo jumlisha. 2x³ mara 3x⁴?

"x tatu zimeshikana mikono, nne zinakuja kujiunga. Ziko ngapi?"

"Sabaaa!"

6x⁷. Hata paka wa jirani alishaijua.

Matokeo ya mtihani yakatoka. Wanafunzi wake wote, kama waliokula kiapo, wameandika 6x¹². Akambana binti yake jikoni.

"We mtoto, hizo x tano za ziada zimezaliwa na nani?"

"Mama, si imeandikwa ukutani darasani? Wote tuliangalizia pale."

Akaenda shuleni kanga ikimvuka. Kweli: juu ya ubao limebandikwa bango jipya, kubwa kama mlango, 2x³ × 3x⁴ = 6x¹². Pembeni, picha ya mfadhili aliyelitoa, meno yote nje.

"Mwalimu mkuu, bango hili ni uongo mtupu. Libandueni."

"Dada yangu, hiyo ni zawadi. Na ameahidi kutujengea vyoo. Ngoja kwanza vyoo viishe."

"Kwa hiyo watoto wafeli mpaka vyoo viishe?"

Mwalimu mkuu akatazama saa yake, kana kwamba jibu limo humo. Mama Vipeo akapanda juu ya dawati, kalamu nene mkononi, afute ile kumi na mbili. Mlinzi akaja mbio.

"Shikamoo mama. Lakini shuka."

Getini wazazi walikuwa wamejaa. Mbele yao fundi makenika, baba wa mmoja wa watoto waliofeli.

"Mama Vipeo, ahadi ni deni."

"Bango mmeliona?"

"Tumeliona."

"Na huyo anayecheka pale bangoni, atanyolewa na nani?"

Mzazi mmoja akasema vyoo navyo vinahitajika, jamani.

Mdomo uliponza kichwa, lakini si mdomo wa mwenye kosa. Mama Vipeo akavuka barabara hadi kwa kinyozi, akaketi, akavua kilemba mwenyewe, macho yakiwa bado kwenye lile geti.

Bango la bei ukutani: kunyoa kipara, mtu mzima, elfu mbili.